Namba Ishirini na Tatu

Generoza aliondoka Jumatatu iliyopita kwa basi la alfajiri, na mimi ndiye niliyembebea ndoo yake mpaka stendi. Anakwenda chuo cha uuguzi, mbali huko, atavaa sare na kuchoma watu sindano, na Mungu awasaidie watu hao. Mama alilia. Generoza alilia. Kondakta, ambaye hata hatujuani naye, alionekana kama anatafuta leso. Mimi nilisimama pale na uso wa mtu anayesubiri chenji yake, kwa sababu moyoni nilikuwa na furaha moja kubwa isiyo na adabu: sasa Jumapili zinarudi kwangu. Nina miaka kumi na minane, nipo kidato cha tano, nimerudi nyumbani likizo, na bado nilikuwa namwonea mtu wivu kwa ajili ya nafasi kwenye mkeka. Jumapili ikafika. Nikatandika mkeka, nikachemsha maji, nikawasha sabufa. Mama akaweka miguu kwenye beseni, akafumba macho, wimbo wa kwanza ukaanza, na kabla haujafika katikati akafumbua macho akasema, "Joha, hebu mpigie Generoza. Weka simu hapo kwenye spika na yeye asikie."

Nikapiga, ningefanyaje. Nikaishika simu mbele ya spika kama mtu anayemlisha uji mtoto wa jirani. Na wakati nimeinama vile, mkono unauma, nikaukumbuka mwaka wote niliokuwa kidato cha pili, mwaka tuliohama kutoka Kibondo kuja hapa Kasulu, mwaka ambao Generoza alikuja na mimi nikageuka mchawi mdogo. Habari za baba yangu na ukoo wetu siziandiki hapa, wao hawakuwa wanasikiliza jazi.

Nyumba tuliyopewa ilikuwa ya serikali, vyumba viwili na sebule, ukuta wa kijani uliochubuka mahali ambapo mtumishi wa kabla yetu alikuwa ameegemeza kitanda. Kasulu ina baridi, na sebule ile ilikuwa na baridi yake ya ziada, kwa sababu dirisha lilitazama mikaratusi na upepo uliingia bila kupiga hodi. Kulikuwa na viti viwili vya sofa vyenye vitambaa vya kufuma, kapeti lililokatwa vibaya, pazia la maua kati ya sebule na ukumbi wa jikoni, na sabufa yenye taa za bluu zinazowaka kama gari la harusi. Mama ni muuguzi, wodi ya wazazi. Alikuwa akitoka zamu miguu imevimba mpaka viatu vinaacha alama, anakaa, anaitoa miguu kama mtu anayetoa mizigo kwenye buti, anaitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi. Halafu anasema neno moja tu: "Jazi." Hapo kazi yangu inaanza. Mimi nilikuwa mwenye rimoti. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa, na niseme wazi kwamba cheo hicho kilinikaa vizuri kuliko ukaka mkuu unavyowakaa wale wavulana wa shuleni.

Flashi ya nyimbo tuliyochomeka kwenye sabufa ilijazwa Kibondo, na kijana mmoja wa sokoni anayejazia watu nyimbo. Mama alimwambia, "Nijazie jazi." Kijana akauliza, "Jazi gani, mama?" Mama, ambaye alikuwa na haraka ya kuwahi zamu, akasema, "Zote." Yule kijana akamchukulia kwa neno lake. Kwa hiyo jazi yetu ilikuwa ni kila kitu ambacho mtu yeyote duniani amewahi kukiita hivyo: saksafoni za taratibu zinazolia kama mtu aliyenyimwa likizo, bendi za zamani za huku kwetu, magitaa matatu yanasemezana na mwimbaji anamlaumu mwanamke kwa adabu, rumba za Kikongo zinazoanza kwa huzuni halafu zinasahau, wazee wa Afrika Kusini na kinanda kinachocheka, na moja ya Kihabeshi ambayo nilimwambia Mama ni nyoka anapanda ngazi. Zilichanganyika bila mpangilio. Unaweza ukawa umelala kabisa na piano, mara tarumbeta ishirini zinakuingilia chumbani. Ndiyo raha yake. Mama alikuwa anasema wodini anajua kitakachofuata, nyumbani hataki kujua.

Na alikuwa na kanuni yake moja, aliyoitoa kazini. Wodini zamu moja ikitoka na nyingine ikiingia wanakabidhiana kwa ripoti: nani yuko kitanda gani, amefikia wapi, nini kimeonekana. Basi na sisi wimbo ukiisha tunatoa ripoti. "Nini umekisikia," Mama angesema, "siyo nini umekifikiria." Mimi sikuwahi kuifuata kanuni hiyo hata siku moja. Ripoti zangu zilikuwa za uongo mtupu. "Mpiga tarumbeta amebanwa, anatafuta choo, na mwenye ngoma amekaa na ufunguo." "Huyu mama anayeimba bila maneno amesahau maneno, anadanganya." Mama angecheka mpaka maji ya beseni yanamwagika kwenye kapeti, na mimi nikiyafuta nilijiona mtu muhimu kuliko daktari wa zamu. Mwanamke aliyekuwa amesimama kwa saa kumi na mbili kati ya vilio vya watu, na mimi ndiye niliyemchekesha. Hicho ndicho kilikuwa changu. Sikuwa na kingine, maana hisabati ilishanikataa mapema.

Generoza alikuja mwezi wa tatu. Mama yake alikuwa jirani yetu Kibondo, aliyekuwa anatuuzia maharage, shule ya kwao ilikuwa mbali, na Mama akasema, "Mlete, atakaa na Joha." Joha hakuulizwa. Akashuka kwenye basi na ndoo, nusu gunia la maharage, na chupa ya mawese iliyofungwa na mfuko mara saba. Bibi yake alitoka Burundi zamani hizo, nyumbani wanaongea Kiha, na Kiswahili chake alikivaa kama viatu vya kuazima, kwa uangalifu asivichafue. Ukimuuliza kitu anasema "Ego," yaani ndiyo, halafu ananyamaza. Nikaona huyu hana shida. Nikajifanya mwenyeji mwema. Nikamwonyesha choo, bomba, mbwa wa jirani, na nikamwambia, kwa uso mkavu kabisa, kwamba Mkatoliki akisikiliza saksafoni lazima akaungame.

Wiki iliyofuata tulikuwa tunachambua mchele nikamuuliza, "Uliungama?"

"Niliungama."

"Padri akasemaje?"

"Aliniuliza saksafoni ni nini. Nikamwigizia." Akaendelea kuchambua. "Akasema hiyo siyo dhambi, ila niache kuigiza kanisani."

Sikujua kama alikuwa ananitania au la, na hilo lilinikera. Mcheshi wa nyumba ni mmoja.

Jumapili za mwanzo alikaa pembeni ya mkeka, magoti kifuani, akasikiliza bila kutikisa hata kidole. Zamu ya ripoti ikimfikia anasema, "Bado, mama." Mama anamwacha. Mimi natoa zangu mbili, yangu na ya kwake, kwa sauti ya kwake, na Mama anacheka huku akinikemea. Ikaja Jumapili moja ya mvua. Tulikuwa tumekula ugali wa muhogo na migebuka, vidole bado vinanuka samaki, na ukapigwa wimbo mmoja wa piano na besi ambao tulishausikia labda mara mia. Ukaisha. Nikatoa ripoti yangu kuhusu besi na tumbo la kuhara. Mama akacheka. Halafu Generoza akasema, "Kuna mtu ameangusha kijiko."

"Wapi?" nikasema. "Jikoni?"

"Humo ndani ya wimbo. Watu wanakula. Piano ikinyamaza kidogo, kijiko kinaanguka, na mtu anasema samahani."

Mama akaacha kucheka. "Joha, rudisha."

Nikarudisha, huku nikimwomba Mungu pasiwe na kijiko. Tukainama wote watatu. Piano ikanyamaza kidogo, na palepale, mbali, nyuma kabisa, kling'. Halafu sauti ya mwanaume, neno moja. Mama akaitoa miguu kwenye beseni. Sijawahi kumwona akiitoa kabla maji hayajapoa. "Miaka yote hii," akasema, polepole, "nimekuwa nakaa na hawa watu na sijajua kama walikuwa wanakula." Akamtazama Generoza kama mtu anavyotazama mtoto aliyezaliwa na meno. Mimi nikasema labda walikuwa wanakula migebuka. Hakuna aliyecheka. Mvua ilikuwa inapiga bati, nikajifanya hawakunisikia.

Kuanzia hapo Jumapili ziliharibika. Generoza alikuwa anasikia kila kitu: mpuliza saksafoni anayevuta pumzi puani kabla ya kuingia, kiti kinacholia, gitaa la pili la bendi fulani ya zamani ambalo, kwa maneno yake, "halitaki kuwa hapo, limelazimishwa." Mama alianza kumuuliza yeye kwanza. Alianza kumwita Sikio. "Sikio, umepata nini?" Mimi alikuwa ananiita Joha, jina nililopewa hospitali. Siku moja kwenye mboga kulikuwa na kichwa kimoja cha samaki, na Mama bila hata kufikiri akakiweka kwenye sahani ya Generoza, akasema, "Kichwa kinasaidia masikio." Nilikula ugali wangu nikiwa naona moto. Wivu ukikaa kwenye ugali wa muhogo hauteremki hata kwa maji. Nilijaribu na mimi. Siku za wiki Mama akiwa kazini niliwasha sabufa, nikabandika sikio kwenye spika nikitafuta kijiko changu. Nilichopata ni mafua ya upande mmoja. Shuleni nikaanza kumwigiza Generoza anavyosema "Ego," darasa zima likacheka, na yeye aliyekaa dawati la mbele hakugeuka, na hilo nalo likanikasirisha, kana kwamba ameninyima kitu.

Sasa, kulikuwa na namba ishirini na tatu. Sabufa ile inaonyesha namba ya wimbo, na ukibonyeza tarakimu kwenye rimoti inakupeleka. Tangu Kibondo, ishirini na mbili ikiisha mimi nabonyeza haraka tunaenda ishirini na nne. Mama aliniambia mara moja tu, "Huo uruke," na mimi nikauruka. Nilikuwa nimesikia sekunde zake tatu au nne za mwanzo, piano peke yake. Nikajiambia ni mambo ya mwanaume fulani. Watu wazima wakiruka wimbo huwa ni mwanaume fulani.

Jumamosi moja jioni tunaosha vyombo nikamwambia Generoza, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, "Kesho Mama anatoka zamu ya usiku. Akiingia amechoka sana, mwekee ishirini na tatu. Nakuachia rimoti. Ndiyo wimbo anaoupenda kuliko zote."

"Mbona huwa tunauruka?"

"Anautunza. Wa siku ngumu."

Alinitazama muda mrefu, povu linamdondoka mikononi. "Ego," akasema.

Mama aliingia kama saa nne asubuhi, koti la mvua limelowa, hakusema hata mwakeye ambayo alishaizoea kutusalimia nayo kama watu wa huku. Akakaa. Generoza akaweka beseni. Mimi nikakimbilia jikoni eti kuchemsha chai, moyo unanidunda kwa raha, nikasikia tarakimu mbili zinabonyezwa, na piano ikaanza. Nikangoja kelele. Nilikuwa nimeshaipanga kichwani: Mama atafoka, Sikio atalia, mimi nitatokea na chai nikiwa mtoto mwema. Piano ikaendelea. Ikaingia tarumbeta iliyozibwa mdomo, ndogo, kama mtu anayeongea akiwa chini ya blanketi. Hakuna aliyefoka. Nikachukua chupa ya chai nikaja nikasimama nyuma ya pazia, na wimbo ukapita wote, mpaka ukimya.

"Nani kakwambia uuweke huo?" Sauti ya Mama ilikuwa ya chini.

"Nimebonyeza mwenyewe, mama."

Nikashusha pumzi. Halafu Generoza akauliza, hivihivi tu, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, "Kwa nini huwa tunauruka?"

Na Mama akamwambia. Nilisimama na chupa ya chai kifuani nikasikia mama yangu anamwambia mtoto wa watu. Ilikuwa kwenye kituo kimoja kidogo cha vijijini, kabla hatujahamia Kibondo mjini. "Ilikuwa Jumapili, siko zamu," alisema, "nimelala kwenye mkeka na wewe usingenijua nilivyokuwa na raha." Akaja mhudumu anakimbia: muuguzi wa zamu yuko peke yake, kuna mama ameanza kutoka damu. "Nikamwambia naja. Na nilikuwa nakuja. Lakini wimbo huu ulikuwa katikati redioni, nikasema niumalize huu tu. Nikafunga kanga, nikatafuta kandambili, huku nasikiliza. Sikukaa, nilikuwa nimesimama. Lakini niliumaliza. Mtoto alipona. Mama yake hakupona. Daktari alikuja baadaye akaniambia hata ningekimbia isingesaidia. Lakini daktari hakuujua wimbo una urefu gani."

Nilisikia maji ya beseni yakitikisika. Generoza hakusema pole. Alisema, "Mama, huu wimbo hauishi."

"Unasemaje?"

"Mwishoni wanapunguza sauti tu. Wale watu bado wanapiga, sisi ndio tunaondolewa. Wewe unasema uliumaliza. Huo hauna mwisho, mama. Hukuumaliza."

Mama akatoa sauti ambayo hadi leo sijui kama ilikuwa kicheko. Na mimi huku nyuma ya pazia, ningependa kuandika kwamba nilimhurumia mama yangu. Nilimhurumia, lakini baadaye. Cha kwanza kilichonipanda kooni ni wivu, mkali kama nyongo: kwamba kitu hicho kilikuwa ndani ya Mama siku zote, nimekiruka kwa kidole changu mwenyewe kila Jumapili, na aliyepewa ni huyu wa maharage. Nikaingia na chupa. "Chai jamani, au mmeshashiba muziki?" Hakuna aliyecheka. Generoza akasogea kunipa nafasi kwenye mkeka, na huo wema wake ningeutupa nje dirishani.

Jioni nikamfuata bombani. "Mbona hukunisema?"

"Ningekusema angekugombeza wewe," alijibu, akikinga maji, "na mimi nisingejua wimbo una nini. Nilitaka kujua." Hata hakuwa mtakatifu. Hilo lilinipa nafuu kidogo, ila siyo sana.

Mwaka ukaenda. Ishirini na tatu haikurukwa tena. Ilikuja katika zamu yake kama nyingine, na ripoti zikatolewa, Generoza ya kweli, mimi ya uongo. Mama alizicheka za kwangu, lakini nilikuwa nishajua kwamba kucheka ni kitu kimoja na kuambiwa ni kingine, na kwa miaka mitatu nililala chumba kimoja na msichana aliyeambiwa.

Sasa Jumapili hii, nikiwa nimeshika simu, wimbo ukaisha na Mama akapaza sauti, "Sikio! Ripoti!" Kule chuoni ikatoka sauti inayokatikakatika: "Mama, mtandao mbaya. Nimemsikia mbwa wa jirani peke yake." Mama akacheka sana, kicheko changu kabisa, kile cha kumwaga maji. Yaani hata utani kanichukulia. Salio likaisha, simu ikakata, tukabaki wawili. Nyimbo zikapita. Ishirini na mbili ikaisha, piano ikaanza peke yake, na mdomo wangu, ambao huwa hauniombi ruhusa, ukasema, "Mama, ni mimi niliyemwambia Generoza auweke. Siku ile. Nilitaka umfokee."

"Najua," alisema Mama, macho amefumba.

"Unajua?"

"Alikuwa hajawahi kuishika rimoti. Nani angempa, kama siyo wewe?"

"Na hukunichapa?"

"Nilikuwa nakungoja uje uniulize. Yeye aliuliza, Joha. Wewe umekaa na mimi miaka yote, umeuruka na umeuruka, hukuuliza hata siku moja. Nilijua nikikuambia utaniletea mzaha."

"Nilikuwa mtoto."

"Generoza alikuwa mzee?"

Tarumbeta ikaingia. Nilikuwa na mzaha tayari, mzuri tu, kuhusu mtu aliyefungiwa chini ya blanketi na mke wake. Nikaumeza ukashuka vibaya. Nikakaa pale kwenye mkeka nikatafuta swali, kitu ambacho sijawahi kufanya katika maisha yangu ya shule, na nikalipata moja.

"Yule mama aliitwa nani?"

Mama akafumbua macho. Akalitaja jina lake, la ubatizo na la nyumbani. Akaniambia kitenge alichokuwa amevaa, na kwamba alikuja kituoni kwa miguu akiwa amebeba viazi vya kuwapa wauguzi. Aliongea mpaka wimbo ukafifia, na mwingine, na mwingine, na hatukutoa ripoti yoyote.

"Generoza analijua hilo jina?" nikauliza.

"Hakuliuliza."

Nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi mpaka masikio yakapata joto. Jina lenyewe siliandiki hapa. Ni la Mama na mimi.